Kibao Kwanza, Kona Baadaye: Alama na Usalama kwenye Njia za Pikipiki za Theluji Minnesota

Kosa linaloonekana kuliko yote kwenye njia za pikipiki za theluji, zile mashine zenye skii mbele na mkanda wa kusukuma nyuma, ni kibao cha kona kilichopigiliwa palepale kwenye kona. Aliyekipigilia alikuwa anatembea kwa miguu mwezi wa kumi na moja, theluji haijaanza, akachagua mti ulio karibu zaidi na hatari. Mwezi wa kwanza dereva anapita hapo usiku kwa maili 40 kwa saa, na anapomaliza kukisoma, kona imeshamfikia. Kibao kipo, rangi yake ni sahihi, kimetiwa tiki kwenye fomu ya ukaguzi, na hakijamsaidia mtu.

Kwa sisi tunaotunza njia hizi Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, mahali pa kibao hupimwa kwa sekunde anazobaki nazo dereva baada ya kukiona. Jimbo hili lina zaidi ya maili 22,000 za njia za theluji. Sehemu kubwa hutunzwa na klabu za wenyeji kwa kujitolea, kwa ruzuku inayotokana na ada za usajili wa mashine na kodi ya petroli. Idara ya Maliasili ya jimbo hutunga kanuni, lakini nyundo inashikwa na mkulima, fundi magari au mwalimu mstaafu. Naye anayekodi mashine kwa mara ya kwanza, awe mzaliwa wa hapa au Mkenya aliyehamia Minneapolis mwaka jana, mara nyingi huonyeshwa pa kuwashia na pa kukamata breki. Alama anaachiwa azielewe mwenyewe.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu kila mtu hubishana kwa macho. Kikomo cha kisheria Minnesota ni maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80. Kwa mwendo huo mashine inakula mita 22 kila sekunde. Mpe dereva sekunde 1.5 za kuona, kuelewa na kubana breki, ameshakwenda mita 33 kabla mashine haijaanza hata kupungua. Kwenye theluji iliyoshindiliwa vizuri, ukichukua kipimo cha msuguano (jinsi theluji inavyoshika mashine) cha 0.3, itahitaji mita nyingine 84 hivi kusimama. Jumla ni karibu mita 117. Kwenye barafu tupu msuguano ukishuka kwa nusu, jumla inafika mita 200.

Sasa linganisha na taa. Taa ya chini, yaani mwanga ulioinamishwa usiomulika mbali, inakuonyesha kitu vizuri umbali wa mita 60 hivi. Ukirudisha hesabu nyuma, mwendo unaoweza kusimama ndani ya mita 60 kwenye theluji nzuri ni kama maili 33 kwa saa. Ukizidisha hapo usiku, unaendesha kuingia mahali ambapo bado hujapaona. Hakuna kibao kinachotibu hilo, ila kibao kinachoakisi mwanga hukupa nafuu kubwa, kwa sababu huonekana mbali kuliko mti, jiwe au ukingo wa daraja. Ndiyo maana kibao kilichochujuka, hata kama mchana kinasomeka, sisi tunakihesabu kuwa hakipo.

Namna ya kupima ni hii. Simama kwenye hatari yenyewe: kona, daraja, kivuko cha barabara. Jiulize watu hupita hapa kwa mwendo gani kweli, bila kujali ule unaoutaka wewe. Njia nyembamba ya msituni mara nyingi ni maili 30 kwa saa, mita 13 na ushee kwa sekunde. Kusimama kunataka kama mita 50. Ongeza sekunde 2 za kukitambua kibao kabla ya kuamua, unapata karibu mita 80. Tembea mita hizo kurudi nyuma, weka alama ya utepe kwenye tawi, kisha panda mashine uje kwa mwendo ule ule. Kama kuna mteremko, rudi nyuma zaidi. Kama utepe umefichwa na kichaka, usiukaribishe kwenye hatari ili uonekane. Kata kichaka.

Rangi zenyewe hazina ugumu. Almasi ndogo, yaani kibao cha umbo la almasi, ya rangi ya chungwa inasema "upo njiani, endelea". Almasi ya njano ni onyo: kona, daraja, kibao cha kusimama kiko mbele. Pembe nane nyekundu ni kusimama kabisa, kama barabarani. Mistari ya njano na nyeusi inawekwa kwenye kitu chenyewe unachoweza kukigonga: kingo za daraja, nguzo za geti, mwamba uliojitokeza. Hapo pana kosa ambalo hata wakongwe hulifanya. Mistari ile imelala mshazari, na inapaswa kushuka kuelekea upande ambao mashine inapita. Darajani, basi, kibao cha kulia kinashuka kushoto na cha kushoto kinashuka kulia, vyote viwili vikielekeza katikati. Ukivibadilishana, usiku jicho linasukumwa kuelekea kwenye reli ya daraja. Vibao hivi vinauzwa kwa jozi, na vikichanganywa ndani ya boksi ni rahisi mno kuchukua viwili vya upande mmoja.

Almasi za chungwa zina kazi yake mahususi kwenye njia panda. Moja kabla, yenye mshale, na moja baada, ndani ya mita 50 au 60 kwenye mkono uliochagua. Hiyo ya baada ndiyo watu husahau, nayo ndiyo inayomzuia dereva aliyepotea asigeuze mashine katikati ya njia huku wenzake wanakuja nyuma yake.

Kimo kina hila yake. Unapima kutoka kwenye theluji itakayokuwepo mwezi wa pili. Chukua kina cha kawaida cha theluji ya mahali hapo, ongeza kama mita 1, hapo ndipo ukingo wa chini wa kibao ukae. Kibao kilichofungwa kifuani mwa mtu mwezi wa kumi na moja kinaweza kuzama katikati ya msimu pale upepo unaporundika theluji, hasa ukingoni mwa msitu unaopakana na shamba. Kiweke upande wa kulia wa njia, kama mita 1 nje ya ukingo unaosawazishwa. Ukikisogeza ndani zaidi, mashine ya kusawazisha theluji itakigonga na kukifukia. Ukikipeleka mbali sana, taa ya chini haitakifikia.

Nguzo iwe nyembamba. Mti wa inchi 4 kwa 4 unaonekana imara, na hapo ndipo ulipo ubaya wake, maana mtu akiteleza atakutana nao. Kijiti chembamba cha mbao au nguzo ya nyuzi za plastiki inayopinda vinatosha, na shimo litobolewe kwa mtaimbo kabla ardhi haijaganda. Ukipigilia kwenye mti wa mtu, omba ruhusa kwanza. Tumia misumari ya aluminiamu ili msumeno wa mwenye msitu usivunjike meno miaka ijayo, na uiache imechomoza sentimita moja au mbili, kwa sababu mti unanenepa na utakimeza kibao.

Halafu kigeuze kibao kidogo, nyuzi chache tu, kiache kumtazama dereva usoni kabisa. Kikiwa sawa kabisa na njia, mwanga wa taa unaweza kurudi kama mng'ao mmoja mweupe na maandishi yakapotea. Hili huwezi kuligundua mchana. Kila njia mpya inapaswa kuendeshwa usiku kabla ya kufunguliwa, pande zote mbili, kwa taa ya chini.

Kishawishi kikubwa cha wanaoanza ni kuweka vibao vingi. Kila kona ndogo inapata njano yake, kila kibonde kinaandikiwa tahadhari. Baada ya maili 5 dereva ameshajifunza kwamba njano ya njia hii haimaanishi kitu, na ile kona moja ya kweli, inayojikunja digrii 90 juu ya kijito, anaiingia akiwa na imani hiyo. Tuta la barabarani lisilopakwa rangi ni baya; matuta ya rangi yaliyochorwa mahali pasipo na tuta ni mabaya zaidi. Kipimo chetu: kama dereva wa kawaida hahitaji kupunguza mwendo hapo, kibao cha njano kitoke.

Kibaya kuliko vibao vingi ni kibao kilichobaki. Njia nyingi hupita kwenye ardhi ya watu binafsi, na kila mwaka kuna kipande kinachohamishwa: mwenye shamba ameuza, kijito kimekula kingo, mtu amejenga nyumba. Almasi moja ya chungwa iliyosahaulika kwenye njia ya zamani inatosha kumpeleka mgeni moja kwa moja hadi kwenye seng'enge. Ramani iliyohifadhiwa kwenye simu tangu mwaka jana nayo inasema uongo ule ule, tena kwa sauti ya uhakika. Njia ikihamishwa, siku hiyo hiyo mtu aitembee ile ya zamani mwanzo hadi mwisho akiwa na nyundo.

Kivuko cha barabara ndicho mahali panapostahili muda mwingi kuliko vyote. Sheria ya Minnesota inataka usimame kabisa kabla ya bega la barabara, uyapishe magari yote, kisha uvuke kwa takriban digrii 90. Kwenye karatasi ni rahisi. Papo hapo, barabara ya kaunti imeinuliwa, na greda la theluji limesukuma kichuguu pembeni. Kibao chekundu kikiwekwa juu ya mwinuko, dereva anayekitii anasimama kwenye mteremko, mkanda wa mashine unazunguka bure, anarudi nyuma. Safari ya pili hasimami. Anavuta mafuta tangu chini na kuruka juu. Kibao kimemfundisha kutotii. Dawa yake ni kusawazisha jukwaa la theluji juu, kimo kimoja na barabara, lenye urefu wa kutosha mashine nzima kukaa, kama mita 4, na kibao kiwe kwenye jukwaa hilo, mahali ambapo aliyekaa kwenye kiti anaona kulia na kushoto. Kichuguu cha greda kikatwe baada ya kila theluji nzito. Ni kazi ya koleo, na hakuna anayeipenda.

Kuvuka kwenyewe kunachukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Barabara na mabega yake ni kama mita 12, mashine mita 3, na kwenye lami kavu vyuma vya chini ya skii haviumi kitu, kwa hiyo usukani unakuwa mlegevu na lazima uende polepole. Kwa kilomita 10 kwa saa ni sekunde 5 na zaidi. Gari linalokuja kwa maili 55 kwa saa, mwendo wa kawaida wa barabara za kaunti, linakwenda mita 130 ndani ya muda huo. Ukiliona gari na ukajiuliza kama utawahi, jibu ni kusubiri. Na kundi lisivuke kwa kufuata mkia wa aliyetangulia: kila mmoja asimame, atazame mwenyewe.

Tukifika ziwani, kazi ya vibao inabadilika. Vigingi vilivyopangwa juu ya barafu vinakuonyesha njia iliyopitwa, havikuhakikishii barafu. Mwongozo wa Idara ya Maliasili kwa barafu mpya iliyo angavu ni inchi 4 kwa mtu anayetembea, na inchi 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji, yaani sentimita 13 hadi 18. Barafu nyeupe, ile yenye theluji au hewa ndani yake, iwe mara mbili ya hapo. Pima kwa kekee au mtaimbo, na urudie kupima kadiri unavyosonga, kwa sababu ziwa moja linaweza kuwa na unene tofauti kabisa ndani ya mita chache. Palipo na kijito kinachoingia, chemchemi, mlango mwembamba kati ya visiwa au chini ya daraja, maji yanatembea na barafu haipati nafasi ya kunenepa. Palipo na mitambo ya kupuliza hewa ili samaki wasife, sheria inawataka wenye kibali kuweka vibao vya barafu nyembamba kuzunguka eneo hilo. Vibao hivyo usivijaribu kwa kuvikaribia.

Kigingi cha ziwani hakipigiliwi. Toboa shimo kwa kekee bila kufika kwenye maji ikiwezekana, simamisha kigingi chenye utepe unaoakisi pande zote mbili, jaza shimo kwa uji wa theluji na maji, uache ugande. Nafasi kati ya kigingi na kigingi: ukisimama kwenye kimoja usiku, taa ya chini ikuonyeshe kinachofuata. Siku ya upepo, theluji ikipeperuka, hata hapo utapoteza mstari, na dereva mwenye busara anasimama kwenye kigingi anachokiona badala ya kukisia kinachofuata. Barafu pia hujisukuma na kupasuka, ikainuka ukuta wa mabonge kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Ufa huo unaweza kuzaliwa usiku mmoja, ukakatiza njia iliyokuwa safi jana. Vibanda vya wavuvi vinavyoachwa usiku vinatakiwa kuwa na kiakisi mwanga kila upande. Lakini vinapohamishwa, mbao na mabonge yaliyoganda chini yake hubaki, hayana kiakisi wala urefu.

Vaa jaketi linaloelea, na ning'iniza shingoni ile misumari miwili yenye vishikio. Ukizama, geuka ulikotoka, kwa kuwa barafu ya huko ilikuwa imekubeba. Chomeka misumari, piga miguu kama unaogelea, jivute, kisha jiviringishe. Usisimame.

Ishara za mikono zina utata wake ambao hauzungumzwi vya kutosha. Zote hutolewa kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa kidole gumba cha kulia ndicho kinachoshika mafuta. Mkono ulionyooshwa kushoto ni kukata kushoto. Uliokunjwa kiwiko na kuelekea juu ni kukata kulia. Ulionyooshwa juu wima ni kusimama. Ulioteremshwa pembeni huku kiganja kikipunga ni kupunguza mwendo. Kidole gumba kuelekea nyuma ya bega: wapo wengine nyuma yangu. Ngumi iliyoinuliwa usawa wa bega: mimi ndiye wa mwisho. Tatizo ni kwamba breki nayo iko mkono wa kushoto. Kila unapompungia mtu kwenye kona, umeachia breki na nusu ya usukani. Kwa hiyo toa ishara mahali palipo nyooka na wazi, na ukiwa katikati ya kona, kamata usukani, kaa kulia kabisa, basi. Wala usiiamini ngumi ya mwenzako. Wa mwisho wake huenda alibaki nyuma kuokota glavu. Endelea kukaa kulia.

Ndani ya kundi, achianeni angalau sekunde 3, na zaidi theluji ikiwa ya unga. Vumbi la theluji la aliyetangulia hufunika kibao muda uleule unaotakiwa kukisoma. Kwenye njia panda, anayeongoza asubiri mpaka amwone wa pili, wa pili asubiri wa tatu, hivyo hivyo hadi mwisho.

Mitaro ya kando ya barabara watu huipenda, nasi hatuna vibao huko isipokuwa pale ambapo mtaro ni sehemu ya njia rasmi. Kila kiingilio cha shamba ni ukuta wa udongo wenye kalvati chini yake, na waya unaoshikilia nguzo ya umeme hauonekani hata mchana. Sheria inataka ukae sakafuni mwa mtaro au kwenye ukingo wa nje, na usiku uelekee kule kule yanakoelekea magari ya upande wako wa barabara, la sivyo taa yako inamchanganya dereva wa gari.

Kabla ya kuwasha, bana mafuta mara mbili na uhakikishe yanarudi yenyewe. Jalidi hukamata kebo. Funga kamba ya kuzimia injini mwilini, na mashine ikishawaka uijaribu hapo hapo. Futa vioo vya taa, mbele na nyuma. Kioo cha helmeti kikiwa na ukungu, hesabu zote za juu zimekufa.

Ukikuta kibao kimeanguka au kimeibwa, andika namba ya njia panda iliyo karibu, piga picha, na upeleke taarifa kwa klabu husika siku hiyo. Namba hizo za njia panda ndizo pia za kumtajia mpokeaji wa simu ya dharura, 911. Simu iwekwe mfuko wa ndani, maana baridi humaliza betri.

Msimu ukifungwa mwisho wa mwezi wa tatu, vigingi vya ziwani vinatoka kwanza, wakati barafu bado inabeba, halafu vya mashambani kabla trekta halijaingia; kijiti kilichosahaulika huishia ndani ya mashine ya kuvunia. Njia ifungwe kwa geti lenye mistari ya njano na nyeusi pande zote mbili, na kibao cha kufungwa kiwe umbali uleule uliopimwa kwa sekunde. Mnyororo au kebo ya chuma iliyofungwa kati ya miti miwili usiitumie, hata kwa usiku mmoja, hata ukiitundika matambara mekundu. Haina upana wa kurudisha mwanga, na iko usawa wa shingo ya aliyekaa.